Kujenga upya nyumba ya chama chetu chuoni: tulianza na vitanda

Wenzangu waliniomba niongoze kamati ya kujenga upya nyumba yetu huko Indiana kwa sababu mbili: mimi ni mhasibu, na niliwahi kuishi humo nikiwa mwanafunzi. Nasema juu ya vile vyama vya udugu vya vyuo vya Marekani, fratenati, vyenye majina ya herufi za Kigiriki. Ukiwa Mombasa au Dodoma utadhani nyumba ni mali ya chuo. Yetu inamilikiwa na shirika dogo la wahitimu, linalowapangisha wanafunzi. Kodi yao ndiyo inayolipa mkopo, bima na mshahara wa mpishi.

Kwa hiyo mchora ramani alipokuja na picha za nguzo na baraza, nilimwomba azikunje kwanza. Nikachukua kitanda kimoja: kodi yake ya mwaka wa masomo, toa chakula, umeme na bima. Kisha nikachukulia kwamba kitanda kimoja katika kila kumi kitakuwa kitupu, maana kuna miaka wanachama wapya hawaji. Kilichobaki ndicho tulichopeleka benki. Hapo ukumbi mkubwa ukapungua na chumba cha michezo kikaondoka kabisa, kwa sababu ukumbi haulipi kodi, anaulipia anayelala.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya mahali pa kulala. Katika nyumba ya zamani vyumba vilikuwa vya madawati na nguo tu. Usiku sote tulipanda darini, kwenye ukumbi mmoja wenye safu za vitanda vya ghorofa, madirisha wazi hata Januari. Ni desturi ya nyumba kadhaa za Indiana na majimbo jirani. Mimi niliyezaliwa pwani nililala na kofia ya sufu, mablanketi matatu na soksi za mtu mwingine. Wazee wa chama waliapa kwamba bila dari ile hakuna udugu. Wanafunzi walitaka vyumba vya watu wawili, na wazazi wao hata zaidi. Mzee mmoja akatishia kuzuia mchango wake. Nikamuuliza, "Kaka, vitanda vikikosa watu, utavilipia wewe?" Akacheka, akanuna, mwishowe akatoa.

Kuna jambo moja ambalo sikukubali lijadiliwe. Mei 12, 1996, siku ya mahafali, nyumba ya chama kama chetu iliungua huko Chapel Hill, North Carolina, na wanafunzi watano wakafa. Baadaye mji huo ukalazimisha nyumba hizo ziwekwe mabomba ya dari yanayomwaga maji pale moto unapozuka. Mjumbe mmoja alipopendekeza tupunguze mabomba ili tupate jiko zuri zaidi, nilisoma habari hiyo kikaoni, tukaendelea na ajenda iliyofuata.

Harambee ya Marekani ina swali lake la kwanza: je, mchango huu utanipunguzia kodi ya mapato? Kwa kawaida, ukichangia nyumba ya namna hii, haupunguzi. Lakini ukiuchangia mfuko wa hisani unapunguziwa, na mfuko huo unaweza kugharimia sehemu za masomo. Basi vyumba vya kusomea vilichorwa na kupimwa peke yake, mwanasheria akavitenganisha kwenye vitabu vya hesabu, na wachangiaji wakubwa wakapata pa kuweka fedha zao.

Ukaguzi wa asbesto, zile nyuzi za madini za majengo ya zamani zinazodhuru mapafu, kabla ya kubomoa ulikwenda vizuri. Kalenda ndiyo iliyoninyima usingizi. Unabomoa Mei wakishahitimu, na lazima ufungue Agosti ya mwaka unaofuata. Ukichelewa, wanafunzi wamekwisha kusaini mikataba ya nyumba nyingine na kodi ya mwaka mzima imepotea. Wakati wa ujenzi tuliwapangia wanachama nyumba za mtaa mmoja, ili waendelee kula pamoja na kuwakaribisha wapya. Mkandarasi naye tulimwandikia faini ya kila wiki atakayochelewa. Akakataa. Tukamwongezea bakshishi ya kila wiki atakayowahi, akasaini siku hiyo hiyo.