Mchaga Aliyechora Yesu wa Murang'a

Kazi yangu ni kunakili. Nalisema mapema msije mkanisuta baadaye. Nachora mabango ya vinyozi, menyu za hoteli na migongo ya matatu hapa Murang'a, na mteja akija huwa kashika simu mkononi: "Fundi, nataka kama hii." Namchorea kama hiyo, kodi inalipwa.

Ndiyo maana Elimo Njau hunikosesha raha. Ni mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, akasomea sanaa Makerere, na ndiye mwenye ule usemi kwamba tusinakili kwa sababu kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Kama ni hivyo, basi Mungu wa stendi yetu anakoroma.

Kumkwepa siwezi, maana yuko kanisani. Kanisa kuu la Kianglikana hapa mjini, la Mtakatifu James na Wafiadini Wote, lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Njau akakabidhiwa kuta. Kufikia 1959 alikuwa amemaliza picha tano kubwa: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Yesu ni Mwafrika, waliomzunguka ni Waafrika, na mandhari ni ya huku kwetu. Leo nani atashangaa? Lakini wakati ule mji ungali unaitwa Fort Hall na Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni haijaondolewa. Hata mimi, niliyezaliwa miaka mingi baadaye, Yesu niliyemjua utotoni alikuwa wa kalenda ya nyanya yangu, nywele za dhahabu, macho ya buluu, na chini yake tangazo la duka la mbolea.

Fundi akiingia mle hatazami kama muumini. Mimi huanza kwa benchi la mwisho, nione kama picha inasomeka kutoka huko. Bango langu lazima lisomwe na mtu aliye ndani ya gari linalokimbia, kwa hiyo najua shida yenyewe: ukiweka mapambo mengi, mtu anapita hajaona kitu. Njau aliwapanga watu wake ukutani kwa namna ambayo jicho linajua pa kuanzia. Na aliyafanya hayo akiwa kijana ambaye hajafika miaka thelathini.

Angeishia hapo, ningemheshimu tu. Kinachonifanya nimseme sana ni Paa ya Paa, jumba la sanaa alilolianzisha Nairobi mwaka 1965 pamoja na wenzake, wakiwemo waandishi. Hapakuwa na majumba ya namna hiyo yaliyo mikononi mwa Waafrika, au yalikuwa ya kuhesabika. Baadaye likahamia Ridgeways, upande wa Barabara ya Kiambu, akiliendesha na mkewe Phillda. Mwaka 1997 moto ukateketeza kazi za sanaa na vitabu. Hawakufunga.

Nina rafiki mchoraji anayebisha kwamba Njau angeacha mambo ya jumba angechora zaidi, na pengine angetajirika. Sikubaliani naye. Picha za twiga za kuuzia watalii zimejaa nchi nzima, hazihitaji mtu wa kuziongeza. Mahali ambapo kijana asiye na jina anaweza kutundika kazi yake akaonwa na wakubwa wake katika sanaa, hapo ndipo pana uhaba. Nilipotembelea Ridgeways nilijikuta natafuta bei kwenye sanamu za bustanini, tabia ya biashara, kumbe watu walikuwa wamekuja kuongea.

Sasa, wiki hii kinyozi mmoja kaniletea picha ya mwanasoka wa Uingereza, kama kawaida. Nikamwambia safari hii nitamchora yeye mwenyewe, na mashine yake mkononi. Akaguna, akajitazama kwenye kioo, kisha akauliza kama nitampunguzia bei kwa kuwa si mtu maarufu.