Kupanga chumba Tunguu

Wewe unayeanza SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, usilipe kodi kwa picha za WhatsApp. Nenda ukakione chumba mara mbili, mchana na usiku, ujue daladala zinakatika saa ngapi na njia ina kiza kiasi gani.

Umeme ndio unaogombanisha wapangaji. Mita ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, ikiwa moja kwa vyumba vinne, mwenye friji na mwenye taa moja huchangishwa sawa, kwa hiyo kubalianeni mapema. Fungua mfereji uone kama maji yanatoka. Waulize majirani, si dalali, maji hutoka siku gani na kama masika huingia ndani.

Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi mitatu au sita mbele. Andikishaneni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kabla pesa haijatoka mkononi.