Jinsi nilivyoipa tangawizi nafasi yake pembeni ya dawa za moyo

Nina kisukari cha aina ya pili, na tangu ilipobainika kwamba mshipa mmoja wa moyo wangu umeziba kwa sehemu, natumia kila siku metfomini ya kushusha sukari, losatani ya shinikizo la damu, atovastatini ya kupunguza lehemu (kolesteroli) na aspirini ya kiwango kidogo. Shemeji yangu analima tangawizi Mamba Miamba, huko milimani wilayani Same, ambako zao hilo ndilo linalolipia ada za watoto katika nyumba nyingi, hivyo jikoni kwangu haikosekani. Kilichonifanya nitafute ushauri ni kopo la vidonge vya tangawizi aliloniletea jirani, akinihakikishia kwamba vinazibua mishipa na kwamba baada ya muda ningeachana na dawa za hospitali.

Nililibeba kopo lile hadi kliniki, na daktari akalipokea kwa heshima. Alinieleza kwamba tangawizi imejaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari, hasa nchini Iran, ambako wengi walipewa unga wa kati ya gramu 1.6 na 3 kwa siku kwa wiki 8 hadi 12, na katika baadhi ya majaribio hayo sukari ya asubuhi na mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi vilishuka kidogo. Hata hivyo, majaribio yalikuwa madogo na ya muda mfupi, kwa hiyo hayawezi kumwambia mgonjwa kama atakingwa na shambulio la moyo au kiharusi. Atovastatini niliyokuwa nikiimeza ilipimwa kwa njia nyingine kabisa: utafiti uliotolewa mwaka 2004, wenye watu zaidi ya 2,800 wenye kisukari cha aina ya pili huko Uingereza na Ireland, ulionyesha kwamba miligramu 10 kwa siku zilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa takriban asilimia 37. Tangu siku hiyo wazo la kubadilishana kimoja kwa kingine lilinitoka kabisa.

"Mama, kinachonitia wasiwasi hapa ni aspirini," aliniambia, kwa sababu tangawizi nyingi inaweza kupunguza kuganda kwa damu, na aspirini inafanya kazi hiyo hiyo. Aidha, kiasi cha viambato katika vidonge vya namna ile hutofautiana kati ya kopo na kopo. Tukakubaliana niviache, nitumie unga wa tangawizi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, yaani takriban gramu 2 kwa siku, kwenye mchuzi na katika chai isiyo na sukari. Hilo la sukari lilikuwa gumu kuliko yote, maana kwetu chai ya tangawizi hunywewa ikiwa tamu sana, na ukiinywa hivyo umeharibu ulichokusudia kutengeneza.

Daktari alinisihi nisibadilishe jambo lingine lolote hadi kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kirudiwe baada ya miezi mitatu, ili tujue tunapima nini. Niliandika sukari ya asubuhi na shinikizo la damu kwenye daftari, nikawa macho na michubuko au fizi kutoka damu, nami sikuona lolote isipokuwa kiungulia nilipokunywa chai kabla ya kula, kwa hiyo nikaihamishia baada ya chakula. Jino lilipohitaji kung'olewa, nilimtajia daktari wa meno aspirini na tangawizi kwa pamoja, kwani anayetumia mitishamba mara nyingi huitaja dawa ya hospitali peke yake.

HbA1c ilitoka asilimia 7.8 ikawa 7.5. Nilifurahi, lakini daktari alisema tofauti ndogo kama hiyo inaweza kutokea hata bila tangawizi. Lehemu mbaya (LDL) haikusogea, na shinikizo la damu lilibaki juu ya 130/80. Hapo ndipo alipoongeza kiwango cha losatani na kunitaka nipunguze chumvi, na shinikizo likashuka. Tangawizi ya shemeji bado naitumia, kwa kijiko kile kile, nayo imeandikwa kwenye kadi yangu ya kliniki chini ya orodha ya dawa.