Programu nne, folda moja: nilivyoondoa hitilafu ya alfajiri

Kwa miaka kadhaa nilitunza seva ya ofisi ndogo mjini Tanga iliyokusanya takwimu za samaki wanaoshushwa kwenye mialo ya Deep Sea, Sahare, Kigombe na Moa. Kila mwalo ulikuwa na programu yake, na zote nne zilianza kazi saa 11:00 alfajiri, wakati mashua za dagaa zinaporudi kutoka kuvua kwa taa. Programu ilipokea uzito na picha zilizotumwa na karani kwa simu, kisha ikazihifadhi ndani ya folda yenye jina la tarehe ya siku hiyo, ambayo ilitumiwa na mialo yote.

Mara moja au mbili kwa wiki, taarifa za mwalo mmoja zilikosekana, na mwalo wenyewe ulibadilika kila mara. Karani wa Kigombe, mtu mzima wa umri wa baba yangu, alinipigia simu asubuhi moja na baada ya kuitikia shikamoo yangu akasema, "Mwanangu, dagaa nimewapima mwenyewe na nimewatuma. Mbona kwenye orodha hawamo?" Nilikuwa nimekwisha kumwambia mara mbili kwamba tatizo ni mtandao, bila kuwa na ushahidi wowote, na siku hiyo niliona aibu, nikafungua kumbukumbu za seva na kuzisoma mstari kwa mstari.

Programu iliyokufa ilikuwa imeacha hitilafu namba 17, ambayo kwenye Linux, mfumo endeshi wa seva yetu, maana yake ni kwamba kitu chenye jina hilo tayari kipo. Jambo hilo lilinishangaza, kwa sababu msimbo wangu uliuliza kwanza kama folda ipo, na uliitengeneza pale tu ulipojibiwa kuwa haipo. Ilinichukua muda kutambua kwamba kuuliza na kutengeneza ni matendo mawili, na kwamba katikati yake programu nyingine hupata nafasi ya kupita. Jibu la "haipo" lilikuwa kweli lilipotolewa, likaacha kuwa kweli kabla halijatumika. Ili kuthibitisha, nilitengeneza nakala ya majaribio na kuiamuru isubiri sekunde 2 kati ya swali na tendo, na tangu hapo hitilafu iliyokuwa ikijificha ilitokea kila nilipoziwasha zote nne pamoja: moja ilifaulu na tatu zilikufa.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa mbaya. Nilizipanga programu zianze kwa kupishana sekunde 15, na mambo yakatulia kwa wiki mbili, mpaka usiku mmoja umeme ulipokatika na seva ilipowaka tena ikaziamsha zote kwa pamoja.

Dawa ya kweli ni kuacha kuuliza. Wito wa mkdir, yaani ombi ambalo programu huutumia mfumo endeshi ili utengeneze folda, ni tendo lisilogawanyika: programu nyingi zikiomba jina moja kwa wakati mmoja, moja tu ndiyo itakayoitengeneza folda, na nyingine zitaambiwa kuwa ipo. (Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kwenye matoleo ya zamani ya Unix, mfumo endeshi uliotangulia Linux, folda ilitengenezwa kwa hatua kadhaa na programu yenye mamlaka ya msimamizi mkuu, na mtumiaji mjanja aliweza kuingia kati ya hatua hizo akajipatia umiliki wa faili lisilo lake; toleo la Unix liitwalo 4.2BSD, la mwaka 1983, ndilo lililoleta wito mmoja.) Kwa hiyo programu inapaswa kujaribu kutengeneza moja kwa moja, na kulipokea jibu la "ipo" kama habari njema. Katika lugha ya programu ya Python, amri ya kutengeneza folda, os.makedirs, ina kigezo cha exist_ok tangu toleo 3.2, nacho hufanya hivyo hasa, na bado hulalamika ikiwa kilichopo kwa jina hilo ni faili la kawaida badala ya folda.

Nilidhani nimemaliza, kumbe nilikuwa nimefungua tatizo la pili. Programu iliyotengeneza folda ndiyo iliyopaswa kuandika rejista ya siku, yaani faili lenye tarehe na vichwa vya safu, na exist_ok haisemi ni nani aliyetengeneza. Hata nilipoirudia mkdir tupu ili nimjue mshindi, waliochelewa waliweza kuiona folda kabla rejista haijaandikwa ndani yake. Hapo nilijifunza njia ninayoitumia mpaka leo: kila programu hutengeneza folda yake ya muda yenye jina la kipekee, huandika rejista humo, kisha huibadilisha jina kuwa tarehe ya siku. Wa kwanza hufaulu. Wengine hukataliwa kwa sababu folda lengwa ina kitu ndani, nao hufuta ya kwao na kuendelea na iliyopo.

Njia hii ina masharti mawili yaliyonigharimu siku nzima. Folda ya muda lazima iwe kwenye diski ileile ya lengo, kwa kuwa kubadilisha jina hakuvuki kutoka mfumo mmoja wa faili hadi mwingine, na mimi nilianza na /tmp, folda ya mfumo ya vitu vya muda, iliyokuwa kwenye mfumo mwingine wa faili. Tena, mkdtemp, amri ya Python inayotengeneza folda ya muda, humpa ruhusa mmiliki peke yake, hivyo ruhusa zirekebishwe kabla ya kubadilisha jina, la sivyo wenzako hawataweza kuifungua.

Mwishoni niliandika jaribio la programu 50 zinazosubiriana kisha kuanza kwa pamoja, nikalirudia mara 1,000. Awamu ya kwanza iliacha mabaki ya folda za muda, kwa sababu nilisahau kuzifuta pale programu inaposhindwa. Awamu ya pili iliacha, kila mara, folda moja yenye rejista moja, nami nikaipeleka kwenye seva jioni ileile, kabla mashua hazijatoka.