Global Village na mtoto wa miaka saba: nilivyopanga jioni moja kutokea Dodoma

Global Village ya Dubai ni uwanja mkubwa wa maonyesho na burudani ambamo nchi mbalimbali zina mabanda yaliyojengwa kwa sura ya majumba ya kwao. Ulianza mwaka 1997 kandokando ya Dubai Creek, na siku hizi uko nje ya mji, kwenye barabara ya Sheikh Mohammed bin Zayed. Msimu wa 2024/2025 ulikuwa na mabanda 30, na pembeni yake bembea na mashine za michezo za kila aina. Mtu wa Dodoma aliyekulia kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale Nzuguni ataelewa mpangilio wake mara moja: unapita banda hadi banda, unaonja, unauliza bei, mtoto anavuta mkono kuelekea kwenye bembea.

Tofauti kubwa ni saa. Global Village hufunguliwa saa kumi alasiri na kufungwa saa sita usiku. Alhamisi hadi Jumamosi huenda mpaka saa saba. Hapo ndipo wazazi wengi hukwama. Mtoto wa darasa la pili hulala saa mbili na nusu, na ukimpeleka bila kupanga, taa zikianza kupendeza yeye tayari yuko mgongoni kwako. Kwa hiyo mpango wangu wote niliujenga juu ya usingizi wa mwanangu. Mabanda nikayapanga baadaye.

Kwanza tarehe. Uwanja hufunguliwa kwa msimu tu, kuanzia katikati ya Oktoba hadi Mei, kwa sababu joto la Dubai kiangazi halivumiliki. Likizo ndefu ya shule zetu ya Juni haifai, maana wakati huo uwanja umefungwa. Kuna jambo jingine linalowapotosha watu. Falme za Kiarabu husamehe ada ya viza kwa watoto chini ya miaka 18 wanaosafiri na mzazi, lakini msamaha huo ni wa kati ya 15 Julai na 15 Septemba. Nao unavutia kweli, ila ukikimbilia nafuu hiyo utakuta geti limefungwa. Inabaki likizo ya Desemba. Humo nazo epuka tarehe 2 na 3, sikukuu ya taifa lao, na tarehe 31. Usiku huo wao hukaribisha mwaka mpya mara kadhaa kwa kufuata saa za nchi tofauti. Kwa mtoto ni jambo zuri sana, kwa sababu anaweza kuona mwaka mpya mapema na kwenda kulala, lakini umati wake ni wa kubanana, na kwa mtoto wa miaka saba sikushauri.

Siku niliyochagua ni Jumanne. Jumanne ni ya familia na wanawake, isipokuwa ikiangukia sikukuu ya umma. Njia zinapitika, na mama aliye peke yake na mtoto hana wa kumsonga. Kama Jumanne haiwezekani, Jumatatu au Jumatano inatosha. Ijumaa na Jumamosi usiku ndiyo siku za wenyeji kutoka na familia, waachie wenyewe.

Karatasi nazipitia haraka, ila usizichukulie haraka. Pasipoti ya mtoto inaanzia kwenye cheti chake cha kuzaliwa cha RITA, kwa hiyo hakikisha majina kwenye cheti, pasipoti, viza na tiketi yanafanana herufi kwa herufi. Kosa tuliloliona lilikuwa jina la tatu lililoachwa na wakala wa viza. Lilirekebishwa, lakini lilikula siku nne, na kama tungeomba viza wiki ya mwisho safari ingekufa. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita mbele. Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto achukue barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake yenye muhuri wa wakili. Huenda asiulizwe, lakini akiulizwa akiwa dirishani bila barua hakuna wa kumsaidia. Dawa za kikohozi zenye kodeini ziache nyumbani, kule zinadhibitiwa kwa sheria kali. Parasetamo ya mtoto ibaki kwenye boksi lake lenye maandishi.

Kutoka Dodoma hadi Dar tulitumia treni ya umeme. Nauli ya daraja la kawaida kwa treni ya kawaida tulilipa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake, shilingi 15,500. Usipange kushuka treni na kupanda ndege jioni hiyohiyo kwa kubana dakika. Barabara ya Nyerere kwenda uwanja wa ndege haina huruma. Sisi tulilala Dar usiku mmoja, na mtoto akafika Dubai akiwa mzima, baada ya saa tano na nusu hivi angani.

Mazoezi yalianza mapema zaidi, Agosti, pale Nzuguni. Nilitaka kujua mwanangu anaweza kutembea muda gani kwenye umati kabla ya kuanza kununa. Jibu lilikuwa saa mbili na dakika kumi, kisha akakaa dakika ishirini na juisi, akapata saa moja na nusu nyingine. Namba hizo mbili ndizo zilizonipangia jioni ya Dubai kuliko ushauri wowote. Usipokuwa na Nane Nane karibu, hata Jumapili ya msongamano pale bustani ya Chinangali itakupa picha. Viatu navyo vifanyiwe mazoezi: raba zilizovaliwa angalau wiki tatu, si zile mpya zilizonunuliwa kwa ajili ya safari. Malengelenge ya kisigino huimaliza jioni kabla ya banda la tatu.

Jambo la pili la kufanya ukiwa nyumbani ni kumpima mtoto urefu. Msimamishe mlangoni bila viatu, weka kitabu kigumu kichwani, chora mstari, pima kwa futi ya fundi. Mashine nyingi za kasi zina kiwango cha chini cha urefu, na anayesimamia hafanyi mjadala. Nywele zilizosukwa juu hazihesabiwi, na mtoto anayekosa kwa sentimita moja mbele ya foleni hulia kilio kisicho na dawa. Mwanangu alikuwa na sentimita 118. Nilimwambia tukiwa bado nyumbani kwamba michezo inayoanzia 120 tutaiangalia tu mwaka huu, na akaja akiwa amekubali.

Sasa jioni yenyewe. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja. Watu huona hilo kama usumbufu, lakini kwa mzazi ni neema: saa tatu na nusu ya usiku ya Dubai, mwili wa mtoto wa Dodoma unaihesabu kama saa mbili na nusu. Usimzoeshe saa mpya siku za kwanza. Mwache alale na kuamka kwa saa ya nyumbani. Siku ya Global Village asubuhi hatukwenda popote. Alikula mchana saa sita na nusu, pazia likafungwa, akalala kuanzia saa saba hadi saa nane na nusu. Wazazi wanaoweka duka la asubuhi na Global Village jioni siku hiyohiyo ndio utakaowaona wamekaa kwenye viti saa moja usiku na mtoto aliyezima.

Saa tisa alasiri tulikuwa kituo cha Union, Deira, ambako Watanzania wengi hufikia kwa sababu ya maduka. Basi namba 103 linakwenda moja kwa moja, dirhamu 10 kwa mtu, unalipa kwa kadi ya nol, kadi ya nauli ya Dubai. Wa Mall of the Emirates wana 106, wa Al Ghubaiba 104, wa Al Rashidiya 102. Weka salio la kwenda na la kurudi kabla hujapanda, maana usiku wa manane si wakati wa kutafuta mashine ya kuongezea. Ukishuka, piga picha mbili: ya bango la basi na ya lango unaloingilia. Malango ni zaidi ya moja, na usiku, chini ya taa, mgeni huyaona yote sawa.

Langoni nilimpiga mwanangu picha ya mwili mzima akiwa na nguo za siku ile. Ndani ya mkono wake, juu ya kiwiko, niliandika namba yangu kwa kalamu ya wino mzito, ikianzia na +255. Namba inayoanza na sifuri haimsaidii askari wa Dubai. Tulikubaliana jambo moja tu: ukiniona sipo, simama ulipo, usinitafute, onyesha mkono wako kwa mtu mwenye sare. Mtoto wa umri huo akipewa maelekezo matatu hukumbuka la kwanza peke yake.

Mabanda 30 hayaishi kwa jioni moja. Nilichagua sita, dakika 25 kila moja, na nilichagua yale ambayo mtoto wa Dodoma ana kitu cha kulinganisha. Yemen kwa sababu ya asali: wanauza asali ya sidr, mti wa jamii moja na mkunazi wetu, na mwanangu aliyekula kunazi za Hombolo alielewa ladha hiyo inatoka wapi. Afghanistan na Iran kwa matunda makavu. Mtoto anayejua mashamba ya zabibu, muulize zabibu kavu hutengenezwaje, halafu mwonyeshe aina zake zikiwa kwenye mafungu. Uturuki kwa muuza aiskrimu anayemchezea mteja koni kabla ya kumpa. Afrika, ili aone vinyago na vitenge anavyovijua vikiuzwa kama vitu vya mbali. India ya mwisho, kwa kuwa ni kubwa na mtoto hupotea humo kirahisi, kwa hiyo mkono haukuachiwa.

Manne ya kwanza tuliyamaliza kabla ya saa kumi na mbili. Jua la Desemba pale huzama saa kumi na moja na nusu hivi, na baridi hushuka ghafla. Usiku hufika nyuzi 15 au 16, na upepo wake ni kama ule wa Dodoma wa Julai. Sweta ilikuwa mkobani tangu mchana. Familia nyingi zilizotoka nchi za joto huonekana saa mbili zikinunua koti la mtoto kwa bei ya uwanjani.

Michezo tuliiweka kati ya saa kumi na mbili na saa moja na nusu. Kuna sababu tatu. Taa zimeshawaka, kwa hiyo mtoto anapata ule uzuri aliousubiri. Wenyeji wengi bado hawajafika, huja baada ya sala ya isha. Na tumbo halijajaa. Chakula kabla ya mashine zinazozunguka hutapikwa, hilo halina ubishi. Alichokula saa kumi na moja kilikuwa ndizi na biskuti. Michezo hulipiwa kwa kadi maalumu unayoijaza pesa. Ijaze kidogo kidogo. Niliweka dirhamu 100, kisha 50, nikamwambia mtoto kadi ikiisha imeisha. Mashine ndiyo iliyosema hapana, si mama, na hapakuwa na ugomvi.

Chakula saa moja na dakika arobaini. Usimjaribishie mtoto mwenye njaa mapishi ya nchi asiyoijua. Mpe wali na kuku, wewe ndiye uonje ya kigeni. Kisha mabanda mawili ya mwisho, na vitu vya kununua vyote vikanunuliwa hapo, njiani kutoka. Zawadi inayonunuliwa saa kumi na moja hubebwa na mzazi saa nne nzima, na mara nyingi banda la mbele huwa na nzuri zaidi.

Pesa ya jioni hiyo nilipanga hivi, nikihesabu dirhamu moja kwa shilingi 700 ili nisipungukiwe: viingilio viwili vya katikati ya wiki 50, mabasi 40, michezo 150, chakula 90, zawadi 50, dharura 100. Jumla dirhamu 480, yaani shilingi 336,000. Mtoto aliyefikisha miaka mitatu hulipa kiingilio kamili. Msimu ule wa 2024/2025 tiketi ya Jumapili hadi Alhamisi ilikuwa dirhamu 25 na ya siku yoyote 30. Ile ya 25 haikubaliki Ijumaa, Jumamosi wala sikukuu, na hapo wengi hurudishwa dirishani kununua nyingine. Hifadhi tiketi kama picha kwenye simu, usitegemee mtandao wa langoni. Chaja yako ya miguu mitatu ya nyumbani inaingia vilevile kwenye soketi za Dubai.

Saa tatu kamili tulianza kutembea kuelekea lango tuliloingilia, tukiwa kwenye foleni ya basi kabla ya wale wa saa nne. Alilala kabla basi halijaingia barabara kuu. Asali ya Yemen iliingia kwenye begi la chini la ndege, imefungwa mifuko miwili ya plastiki na kuzungushiwa taulo, kwa sababu chupa ya zaidi ya mililita 100 haipiti ukaguzi wa mkoba wa mkononi.