Mawenzi kwa rangi ya mafuta

Leo asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima, nimechora Mawenzi, kilele cha pili kwa urefu cha Kilimanjaro, nikiwa hapa Moshi. Wengi hukipita kilele hicho kwa macho wakiitafuta theluji ya Kibo, kilele kikuu, ingawa nacho kina mita 5,149 na miamba yake imechongoka kuliko ya mwenzake.

Migomba ya mbele niliipaka kijani kizito chenye umanjano, kwa brashi pana iliyojaa rangi, nikaiacha michirizi yake ionekane wazi.

Kadiri nilivyopanda kwenye picha kuelekea msituni na kileleni, nilipunguza ukali wa rangi na kuongeza buluu na nyeupe, kwa sababu hewa iliyo kati yetu na mlima hutawanya mwanga wa buluu na kufifisha vivuli vya mbali.

Kisha nikashika kisu cha kupakia rangi, nikaushusha mwamba kwa mkupuo mmoja.

Rangi ikakatika yenyewe katikati, turubai ikachungulia, na ufa ule ukawa korongo kabisa! Nimeutazama kwa muda mrefu, moyo ukinidunda kwa furaha, na sitaugusa tena.

Ndugu zangu mnaochora milima, je, miamba yenu mnaipaka kwa kisu au kwa brashi?