Anayebana Uhuru Ndiye Atoe Sababu

Nikishika katiba au mkataba wowote wa haki, siuanzi pale penye maneno matamu. Naenda moja kwa moja kwenye vikwazo. Ahadi zinafanana karibu kila mahali. Masharti ndiyo yanayoamua kama utabaki na uhuru wako au utabaki na karatasi.

Ibara ya 19 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, wa mwaka 1966, inakubali kwamba uhuru wa kujieleza una mipaka. Sina ugomvi na hilo. Anayewatuma watu wakachome nyumba za majirani asitafute kinga kwangu. Lakini ibara hiyo inataka mpaka uwe umewekwa na sheria, na uwe wa lazima kwa ajili ya haki au heshima ya wengine, usalama wa taifa, utulivu, afya au maadili ya umma. Hasira za mkubwa hazimo.

Kesi inayonikera hadi leo ni ya Handyside, iliyoamuliwa na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 1976. Richard Handyside, mchapishaji wa Uingereza, alitozwa faini ya jumla ya pauni 50, na nakala za kitabu chake cha wanafunzi zikateketezwa, kisa kilizungumzia ngono waziwazi. Majaji walisema vizuri mno: uhuru huu haulindi yanayopendeza tu, bali hata yale yanayoudhi, kushtua au kuisumbua dola. Kisha kwa kura 13 dhidi ya 1 wakaona haki yake haikuvunjwa! Unatamkaje jambo zito kiasi hicho, halafu unaiachia serikali nafasi pana ya kupima yenyewe maadili yanadai nini?

Mimi nasimama na Mahakama ya Juu ya Kanada katika kesi ya Oakes, 1986. Pale ilisemwa wazi kwamba anayeiwekea haki mpaka ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha: lengo liwe zito, na njia iliyotumika iiguse haki kwa kiasi kidogo iwezekanavyo. Mwananchi haanzi kwa kujitetea.

Kwa hiyo mkutano wa amani ukipigwa marufuku kwa sababu za usalama, nataka kuambiwa: tishio lipi, linatoka kwa nani, na kwa nini polisi wasiwalinde waandamanaji badala ya kuwafungia njia? Kusema tu kwamba kuna taarifa za kiintelijensia hakujajibu hata swali moja kati ya hayo.